Kijiti cha Juu ya Paa

Mwanangu Nyakundi,

Mama yako amekufungia sanduku, akalifungua, akalifunga tena. Mambo ya soksi, dawa ya malaria na kula kabla ya kusafiri ameshakuambia, kwa hiyo mimi siyarudii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyonilisha siku zangu za ukalimani. Kwa Ekegusii ningekueleza haya kwa mdomo, na najijua, ningefika katikati nikanyanyuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Juzi uliingia hapa mbio ukitoka sokoni, hata viatu hukuvua. Ukasema, "Tata, wamenichukua wale wazungu wa sinema! Mimi ndio nitakuwa mkalimani wao kwa hiyo picha. Na yule mkubwa wao ameniambia, 'Wewe ndiye mwenye watu wako.'" Mama yako akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza. Mimi nikakuuliza tu kama gari litakufuata hapa Kebirigo au utalikuta Kisii mjini. Ukanuna. Nadhani uliona nina wivu, na kusema kweli kidogo nilikuwa nao, kwa maana kazi ile niliipenda kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Lakini si wivu ulionifunga mdomo. Maneno hayo uliyoambiwa, mimi niliambiwa pia, na mzungu mwingine aliyejua kucheka na watu na kusalimia kwa mikono miwili.

Unajua kwamba baba yako mdogo Ondieki alikufa kwa moto kule Nyaramba, wakati wazungu wanapiga picha ya sinema. Hilo linajulikana hapa na kila mtu. Wewe ulikuwa shule ya msingi bado, na huenda unamkumbuka kwa vile alivyokubeba mabegani kwenda sokoni huku umemshika masikio kama usukani. Jinsi alivyokufa hukuambiwa. Kila ulipouliza nilikuambia ni ajali, nawe ulikuwa mtoto mwenye adabu ukaacha kuuliza. Kesho unakwenda kusimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, kwa hiyo adabu hiyo tuiweke kando.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazungu hao walikuja na malori yao wakapiga kambi Nyaramba, kwenye kile kilima kinachotazama mashamba ya chai, wakatafuta mtu anayejua Kiingereza. Mkubwa wao sisi tulimwita Bwana Picha. Alikuwa na filimbi shingoni. Akipuliza mara moja, kila mtu asimame alipo. Akipuliza mara mbili, tuendelee. Alinipa koti na kofia yake ya zamani, akaniambia kwamba mimi ndiye mwenye watu wangu. Nilitembea na kofia ile hadi kanisani, na mzee wa kanisa akaniomba niivue.

Siku ya kwanza watu walikuja wamevaa nguo zao za heshima. Nani angeenda kupigwa picha na matambara? Wanaume walivaa makoti, wanawake vitambaa vyeupe vya kichwani, na mwalimu wa Nyaramba alikuja na miwani na tai. Bwana Picha akawatazama, akaniambia kwa Kiingereza, "Waambie hawa nyani wavue hayo matakataka." Nikageuka, nikawaambia watu wangu, "Mgeni anashukuru sana mlivyopendeza. Anaomba, kwa ajili ya hadithi yake, tuvae kama zamani za babu zetu." Wakavua. Wakapewa ngozi za mbuzi zilizoletwa kwa lori kutoka Nairobi. Fikiria, mtu anabeba ngozi ya mbuzi kutoka Nairobi kuileta kwetu! Tulicheka sana jioni ile. Mwalimu peke yake hakucheka. Alivaa tai yake, akaenda zake, na hakurudi tena.

Ndivyo nilivyofanya kazi wiki zote zile. Tusi likitoka kwa Bwana Picha, lilipita mdomoni kwangu likatoka limenawa uso na kupakwa mafuta. Na watu wangu wakikataa jambo, mimi nilimpelekea yeye jibu lenye tabasamu. Mzee mmoja alimletea jogoo, akaniambia, "Huyu mzungu ana heshima, Makori. Wale wa zamani walikuwa wanatutukana." Nikaupokea ule ujumbe nikautafsiri, na Bwana Picha akauliza kama jogoo ana magonjwa. Nikamwambia mzee kwamba mgeni amefurahi mno.

Nilijiona mtu wa amani. Nilijiambia kwamba watu wanapata kazi, mzungu anapata picha yake, na hakuna anayelala na uchungu ila mimi, nami nimezoea. Sasa naona kwamba niliwafanya wasimjue waliyekuwa wanafanya naye kazi. Wangejua anavyowaita, wasingemwamini na moto.

Katika hadithi yao kulikuwa na nyumba ya kuchomwa. Ondieki alikuwa mwezekaji, hakuna paa hapa Kebirigo la siku zile ambalo mkono wake haukulipitia. Yeye na wenzake waliijenga nyumba hiyo juu ya kilima, udongo na nyasi, nzuri hata ikawauma kwamba itachomwa. Ijumaa mchana walimaliza. Ondieki akaoga mtoni, akaenda makambi ya Wasabato, ule mkutano wa ibada wa siku kadhaa, ng'ambo ile ya bonde, akalala huko na kushinda huko Sabato nzima. Mimi pia ni Msabato. Mimi nilibaki kambini kwa sababu Bwana Picha alitaka kufanya kazi Jumamosi, na mwenye kofia hakosi.

Jumamosi hiyo akazunguka nyumba, akaniuliza mbona nyumba zetu zina kijiti kilichochomoza kileleni na hii haina. Ninyi mliokulia kwenye mabati huenda hamkijali tena, lakini unajua maana yake. Kijiti kikiwa juu, mwenye nyumba yuko hai. Akifa, kinaondolewa. Nyumba hii ilikuwa haina mwenyewe, ndiyo maana waezekaji hawakuweka chochote. Nilimweleza yote haya kwa madaha, nikipenda kusikia sauti yangu. Akasikiliza, akasema, "Safi sana. Kiwekwe."

Waezekaji Wakatoliki waliokuwepo walikataa. Mmoja, Nyabuto, alisema waziwazi, "Hiyo nyumba hakuna mtu. Ukiweka kijiti, umesema kuna mtu. Halafu muichome? Mimi hapana." Nikamgeukia Bwana Picha nikasema, "Wanasema kitawekwa, bwana, wanatafuta kizuri." Akasema anataka cha zamani, kilichopigwa na mvua na moshi, si cha kuchonga leo.

Nikaja hapa nyumbani, nikapanda juu ya paa letu, nikang'oa cha kwetu.

Hicho kijiti alikichonga Ondieki mwenyewe nilipomwoa mama yako. Ncha yake ilikuwa imepinda kidogo kwa sababu kisu kilimteleza, na kila akija kula kwetu alikitazama na kusema siku moja atakinyoosha. Mama yako alinishika mguu nikiwa bado kwenye ngazi. "Unataka watu waje kunipa pole?" Nikamwambia tutaweka mabati karibuni, asiwe mshamba. Na jioni ile kweli jirani yetu alipita, akatazama paa, akaingia uani akilia. Mama yako ilibidi amtulize na kumpa ndizi. Niliposimuliwa hayo, nilicheka. Mwanangu, nilicheka, na kicheko hicho bado nakisikia.

Kijiti nilikipandisha mwenyewe. Nikawaahidi kina Nyabuto kwamba Jumapili asubuhi, kabla ya moto, nitawaeleza wote waliokuwa makambini: nyumba ni tupu, kijiti ni cha mchezo, mtu asishtuke.

Jumapili kulikuwa na ukungu, ule wa Nyaramba unaoufahamu, unaofunika mtu akiwa hatua chache tu mbele yako. Bwana Picha aliupenda na alikuwa na haraka nao, akihofia jua litaufukuza. Watu walipangwa kushoto, kamera kulia, mimi nyuma ya kamera kando yake. Nikamwambia, "Bwana, kuna jambo la kuwaeleza wanaotoka makambini." Akasema, "Baadaye." Mkalimani mwema hurudia ombi lake kwa sauti ya juu zaidi. Mimi nikanyamaza. Wakawasha moto.

Ondieki alikuwa anapanda kilima na wenzake, moja kwa moja kutoka makambini, Biblia bado mkononi. Aliiacha nyumba Ijumaa ikiwa kipara. Sasa ukungu unafunguka kidogo, anaona kijiti juu yake, na si kijiti cha mtu mwingine, ni kile chake chenye ncha iliyopinda. Alijua nimekuwa nikilala kambini wiki nzima. Akaamini nilichokiandika mimi mwenyewe juu ya paa: kwamba Makori ameingia humo, Makori yumo ndani, yu hai. Nyumba inaungua na watu wamesimama wanatazama.

Aliingia kunitafuta mimi.

Nilisikia jina langu. "Makori! Makori, toka!" Nikageuka nyuma, nikidhani kuna mtu ananiita kutoka kwenye malori. Hapo wanawake wakaanza kupiga kelele na kukimbia na ndoo za maji, na Nyabuto akatoka kwenye mstari. Bwana Picha akapuliza filimbi mara moja. Akanishika mkono, akaniambia bila kuondoa macho kwenye nyumba, "Wazuie. Hii ni dhahabu. Wazuie!"

Nikawazuia. Kwa Ekegusii safi, kwa sauti ile waliyoizoea na kuiamini, niliwaambia wasimame hapo hapo, kila kitu kiko sawa. Wakasimama. Hawakumtii yeye, walinitii mimi. Jina langu likaitwa mara nyingine kutoka ndani, na safari hii nilijua linatoka wapi na ni wa nani mdomo ule. Nikatupa kofia, nikakimbia. Paa likashuka kabla sijafika mlangoni. Mkono wangu huu wa kushoto, ambao wewe utotoni ulikuwa ukiniuliza kwa nini ngozi yake inang'aa, uliungulia hapo.

Kamera haikusimama. Hilo nataka ulijue.

Alasiri akaja afisa wa serikali, Mwafrika mwenzetu, suti nyeusi. Siku hiyo hawakuhitaji mkalimani. Waliongea Kiingereza juu ya kichwa changu, mkono wangu umefungwa majani ya mgomba, nami nasikia kila neno. Bwana Picha alisema marehemu hakuwa na ruhusa ya kuingia. Akasema mambo ya wenyeji yalikuwa mikononi mwa mkalimani. Akanionyesha kidole, kwa upole kabisa, akasema, "Huyu ndiye mwenye watu wake." Afisa akanitazama. Nikangoja aniulize. Hakuniuliza, akaagana naye kwa mkono, na kesho yake malori yakashuka kilima. Mke wa Ondieki aliletewa blanketi.

Nilikwenda Nairobi kuwatafuta. Ofisi ya kwanza ilisema waulize walioajiri. Walioajiri walisema waulize waliotoa fedha, nao wako Ulaya. Mwisho kijana mmoja mpole akaniambia kampuni ile iliundwa kwa ajili ya picha ile tu, na picha imekwisha, kwa hiyo kampuni haipo. "Hakuna mtu, mzee," akasema. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo lile, nikawaza kwamba sisi angalau mtu akiondoka tunakiondoa kijiti, kila mpita njia ajue. Wao walikuwa na jengo, na mlango, na msichana wa kupokea wageni, na ndani hakuna mwenyewe.

Picha ilifika Kisii mjini baada ya muda. Nilikwenda peke yangu, mama yako nikamdanganya kwamba nafuata mbolea. Ukumbi ulijaa. Wakaonyesha kilima chetu, wakakiita mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. Wakaonyesha nyumba inayowaka, na sauti nzito ikaeleza kwamba washenzi hawa huabudu moto, na mmoja wao, kwa wazimu wa ibada, anajitupa ndani. Halafu nikamwona. Anakimbia, Biblia inamdondoka, na mdomo wake unafunguka. Mdomo unasema Makori. Naujua mdomo ule tangu haujaota meno. Sauti yake walikuwa wameiondoa, mahali pake wakaweka ngoma.

Kijana mmoja nyuma yangu, Mgusii kama mimi na wewe, akacheka, "Ona hii mjinga!" Sikumlaumu. Alikuwa ameambiwa na mkalimani anachokitazama, kama watu wangu walivyoambiwa na mimi. Mwishoni majina yakapanda, mengi, mpaka la mbwa wa Bwana Picha. La Ondieki halikuwepo. Langu lilikuwepo.

Sasa unajua kwa nini sikupiga vigelegele. Sikuzuii kwenda. Umekuwa mtu mzima, na kazi si dhambi, na huenda huyu wako ni mtu mwema kweli. Wapo. Lakini ulisema juzi, ukiwa umejaa furaha, kwamba kuna sehemu ambapo watu watavuka mto wakati umefurika, na kwamba wewe ndiye utakayewaleta watu hao. Ulisema hivyo huku unatia sukari kwenye chai, nami nikakikumbuka kilima kile. Mvua zimeshaanza. Kila usiku nausikia mto wetu huu mdogo tu, na nafikiria ule wao mkubwa.

Kuhusu mto wenyewe sina la kukufundisha. Ninachokijua ni mdomo. Kosa langu kubwa halikuwa siku ya moto. Lilianza siku ile ya nguo, kwa neno moja nililolipaka mafuta ili watu wasikasirike. Baada ya hilo mengine yalikuwa mepesi. Wakikutukania watu, wafikishie tusi lilivyo, wakasirike wenyewe, hasira ni yao si yako kuificha. Mtu wako akisema hapana, ipeleke hapana hiyo ikiwa na miba yake yote. Wataona wewe ni mkorofi. Watakufukuza. Siku utakayofukuzwa njoo nyumbani, nitakuchinjia yule dume mweusi, na mama yako atapiga vigelegele vingine.

Na wakikuambia tena wewe ndiye mwenye watu wako, waulize, mbele za watu, wao ni wenye nani. Ngoja jibu. Usikubali kicheko kiwe jibu.

Mama yako hajui habari za ule mdomo kwenye picha. Mke wa Ondieki hajui kilikuwa kijiti cha nani; kilikwisha pamoja na paa. Nyabuto anajua, na kwa miaka yote hii hajawahi kulisema, ila tukikutana sokoni hunisalimia akitazama mkono wangu. Nimefikiri kwamba ukishapanda gari kesho nitakwenda kwa mke wa ndugu yangu nimwambie. Nimechoka kumtafsiria kifo cha mumewe.

Watu hudhani nyumba yetu haina kijiti kwa sababu ya mabati. Wakati wa kuezeka upya fundi aliniuliza kama aniwekee hata cha chuma, cha urembo. Nilimwambia aache. Sikuona kama nina haki ya kumwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba hii yuko.

Nyumba yako umeijenga mwaka jana, na kijiti umekiweka juu kwa mkono wako. Kila asubuhi, nikitoka kukamua, nitakitazama kwanza kabla ya kutazama mawingu. Hakuna wa kukigusa ila wewe.

Basi nenda, mwanangu. Kule mtoni, au mahali popote watakapokusimamisha nyuma ya kamera, ukisikia jina lako linaitwa na mtu wa kwenu, usigeuke kutazama nyuma, usingoje filimbi, usitafute maneno. Itika. Mimi sikuitika.

Baba yako,
Makori
Kebirigo